Mti Mmoja, Taya za Aina Mbili

Mwembe wa Ogwedhi, kule Migori karibu na mpaka wa Narok, una mali mbili kwa mdudu: majani mabichi juu, na mbao laini ukishaanguka na kuoza. Mali ya kwanza ndiyo apendayo maji moto, chungu wa mitini. Ya pili ni ya mbawakawa wa pembe. Wote wawili wana taya kali, ila kila mmoja ana kazi yake nazo.

Mbawakawa wa pembe ni wa jamii ya Lucanidae, na misitu ya ikweta ya Afrika ina spishi zake. Zile pembe za dume ni taya. Hatafunii chakula, hunyonya utomvu na maji ya matunda. Kazi ya taya hizo ni kumkaba dume mwenzake, kumnyanyua na kumbwaga chini, jike abaki wake. Jike ana taya fupi. Hutaga penye mbao zinazooza, na buu hukua humo akizila. Buu wa spishi ya Ulaya, Lucanus cervus, hukaa hivyo miaka 3 au zaidi. Akishatoka nje akiwa na mabawa huishi miezi michache tu.

Maji moto, Oecophylla longinoda, hapiganii jike. Vibarua hushikana viuno kwa taya, wakawa mnyororo, wakavuta jani hadi likutane na jingine. Kisha wenzao huleta mabuu, wakiwapitisha huku na huku kwenye kingo za majani. Buu hutoa hariri, na majani yakashonwa. Chungu mzima hana hariri hiyo. Wala hana mwiba: huuma, kisha hutia asidi kwenye jeraha. Mchuma maembe anaujua moto wake.

Ukali huo una faida. Miaka ya 1950, mtafiti Michael Way alionyesha kuwa minazi ya Zanzibar yenye maji moto hukingwa dhidi ya mdudu mfyonzaji anayepukutisha vidaka. Mdudu huyo alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka Way: Pseudotheraptus wayi.

Kwa hiyo mkulima, ukifyeka shamba usichome kila gogo. Liache moja lioze pembeni, buu wa mbawakawa akulie humo. Na ukikuta majani ya mwembe yameshonwa, usikimbilie dawa. Huyo ni mlinzi asiyedai mshahara.