Jina la Murgatroyd: Asili na Mtawanyiko wa Jina Moja la Ukoo la Kiingereza

Katika lugha yoyote ile, jina la mtu ni neno kama maneno mengine: lina umbo, lina matamshi, na lina historia. Lakini jina la ukoo lina sifa moja ambayo maneno ya kawaida hayana. Hurithiwa na watu maalumu, na watu hao wanapohama huhama nalo. Kwa hiyo mtaalamu wa lugha anayelichunguza jina la namna hii hupata ushahidi wa aina mbili, yaani ushahidi wa sauti na ushahidi wa pahali. Madhumuni ya makala haya ni kuueleza ushahidi huo kwa kutumia jina moja la Kiingereza lililo adimu, Murgatroyd, na kuonyesha pia mpaka ambao ushahidi huo hauwezi kuuvuka.

1. Chanzo cha majina ya koo nchini Uingereza

Kabla ya uvamizi wa Wanormani mnamo mwaka 1066, Waingereza walio wengi walikuwa na jina moja tu. Palipokuwa na haja ya kumtofautisha mtu na mwenzake, liliongezwa neno la kumweleza, na neno hilo lilikufa pamoja na mwenyewe. Desturi ya kurithisha neno hilo kwa watoto ilianza kwa mabwana wenye ardhi, kisha ikawafikia watu wa kawaida polepole. Kusini mwa nchi desturi hiyo ilitangulia. Kaskazini ilichelewa, na katika wilaya ya West Riding ya Yorkshire majina mengi ya wakulima yalikuwa yakijikita katika karne ya 14.

Majina hayo yaligawanyika katika mafungu manne makubwa: yaliyotokana na jina la baba, yaliyotokana na kazi, yaliyotokana na lakabu, na yaliyotokana na pahali. Fungu la mwisho ndilo linalohusika hapa. Mtu aliitwa kwa jina lake, kikafuata kihusishi *de*, kisha jina la mahali alipokaa au alipotoka. Baadaye kihusishi hicho kilidondoka, na jina la mahali likabaki kuwa jina la watu. Utaratibu huu haukosi mfano katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako nisba kama Barawi na Hadhrami huutaja mji au nchi ya wahenga. Tofauti iliyopo ni ya ukubwa wa mahali. Nisba hutaja mji au nchi nzima, ilhali jina la Kiingereza la aina hii mara nyingi hutaja kitongoji, bonde, au hata konde moja. Ndiyo sababu baadhi ya majina ya Kiingereza ni adimu: konde moja lilikaliwa na watu wachache, na pengine ni jamaa moja tu iliyotoka hapo na jina lake.

2. Umbo la jina

Murgatroyd ni jina la maneno mawili yaliyoungana. La pili, *royd*, halina ubishi. Linatokana na neno la Kiingereza cha kale *rod*, lenye maana ya sehemu ya msitu iliyofyekwa ili ilimwe. Kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kuwa “konde”, neno ambalo nalo limekuwa jina la pahali, kama ilivyo Konde katika kisiwa cha Pemba.

Ubishi upo katika neno la kwanza. Maelezo yanayopendwa na wengi husema kwamba ni *moor gate*, yaani njia iendayo kwenye nyika ya mlimani. Hivyo jina zima lingekuwa na maana ya konde lililo kando ya njia ya nyikani. Maelezo haya yanaridhisha sikio, kwa kuwa nchi yenyewe ni ya milima na nyika. Lakini kosa lake ni kuanzia kwenye matamshi ya siku za baadaye na kurudi nyuma kwa kukisia. Kanuni ya etimolojia inataka kinyume chake: uanze na tahajia iliyo kongwe zaidi, kisha uonyeshe jinsi umbo la leo lilivyotokana nayo.

Kanuni hiyo inapofuatwa, maelezo ya njia ya nyikani hupoteza nguvu. Katika maandishi ya karne ya 14 neno la kwanza huandikwa kwa sura iliyo karibu na *Mergret*, yaani Margaret, jina la mwanamke. P. H. Reaney, katika kamusi yake ya majina ya koo ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1958, alilifasiri jina hili kuwa ni konde la Margaret. Mabadiliko ya sauti yaliyofuata ni mepesi kuyaeleza. *R* mbili zilizokaribiana katika neno moja ziliulemea ulimi, moja ikadondoka. Na irabu iliyotangulia *r* ya kwanza ikafifia, kama ilivyotokea katika maneno mengi ya Kiingereza. Watu waliposahau kwamba palikuwa na Margaret, walilitafutia neno lililobaki maana mpya katika mazingira yao, wakaona nyika na njia. Huu ni mfano halisi wa etimolojia ya wasemaji, na kila mtafiti wa majina ya mahali katika Afrika Mashariki amewahi kukutana na mwenzake.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Jina ambalo kwa karne sita limepita kutoka kwa baba hadi mwana lilianza na shamba la mwanamke. Margaret huyo hajulikani kwa lolote jingine.

3. Sauti na mpaka wa lahaja

Neno *royd* lina thamani ya pekee kwa mwanaisimu, kwa kuwa sauti yake yenyewe hutaja nchi yake. Katika lahaja ya West Riding, irabu *o* iliyokuwa fupi katika silabi wazi ilirefuka, kisha ikageuka kuwa irabu-unganifu *oi*. Kwa sababu hiyo wazee wa huko walitamka *coil* kwa neno la makaa ya mawe, ambalo Kiingereza sanifu huandika *coal*, na *hoil* kwa neno la tundu, ambalo Kiingereza sanifu huandika *hole*. Kwa kanuni hiyohiyo *rod* ya kale ikawa *royd*.

Basi majina ya koo yaishiayo na *royd* hujipanga kama jamaa moja: Ackroyd, konde la mwaloni; Holroyd, konde la bondeni; Boothroyd, konde lenye kibanda; na Murgatroyd pamoja nayo. Yote asili yake ni West Riding. Ukivuka milima ya Pennines ukaingia Lancashire, hali hubadilika. Karibu na mji wa Burnley kuna mahali paitwapo Ormerod, palipozaa jina la ukoo la Ormerod. Maana yake ni konde la Ormr, jina la mwanamume lenye asili ya Skandinavia. Neno la mwisho ni lilelile, lakini *oi* haimo, kwa kuwa lahaja ya upande huo haikuifuata kanuni ya West Riding.

Msomaji anayejua kwamba Kimvita husema *nti* pale ambapo Kiunguja husema *nchi* ataielewa hoja hii mara moja. Jina likigandishwa na maandishi huhifadhi sauti ya lahaja hata pale ambapo wasemaji wameihama lahaja hiyo. Mtu aitwaye Murgatroyd anayeishi Australia hazungumzi lahaja ya West Riding, wala pengine hajapata kuisikia. Hata hivyo sauti moja ya lahaja hiyo ameichukua katika jina lake.

4. Pahali pa asili na njia za kuenea

Konde lililozaa jina hili lilikuwa Warley, kitongoji kilichoko magharibi ya mji wa Halifax, juu ya bonde la mto Calder. Ushahidi mkuu ni orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379. Kodi hiyo ilitozwa kwa watu waliozidi umri wa miaka 16, isipokuwa maskini waombao. Mtu wa kawaida alilipa peni 4. Orodha za West Riding zimehifadhika vizuri sana, nazo zimepangwa kitongoji kwa kitongoji, kiasi kwamba jina laweza kuonekana likiwa bado karibu na shamba lililolizaa.

Baada ya hapo mtafiti hutegemea kumbukumbu za parokia, ambazo ziliamriwa ziandikwe tangu mwaka 1538. Kisha uandikishaji wa serikali ulioanza mwaka 1837. Kisha hesabu ya watu, hasa ile ya mwaka 1881 ambayo imenakiliwa yote na hivyo huwezesha ramani kuchorwa. Kumbukumbu hizo zinaafikiana. Jina halikuruka mbali. Lilitambaa kutoka bonde moja hadi bonde la jirani, kutoka Halifax hadi pande za Keighley na Bradford, na mpaka karne ya 19 wingi wa wenye jina hili walikuwa bado West Riding.

Sababu ya kuenea kwa namna hiyo ni nguo za sufu. Ardhi ya parokia ya Halifax ni ya milima na haina rutuba nyingi, lakini wakazi wake waliunganisha ukulima mdogo na ufumaji wa nyumbani, na kwa njia hiyo nchi duni iliweza kulisha watu wengi. Baadhi yao walitajirika. James Murgatroyd, mfanyabiashara wa nguo, ndiye aliyejenga upya jumba la East Riddlesden Hall karibu na Keighley katika miaka ya 1640, jumba ambalo lingali limesimama. Viwanda vya mashine vilipozuka katika karne ya 19, watu waliteremka kutoka mashamba ya mlimani wakaingia miji ya viwandani iliyokuwa karibu. Waliokwenda ng'ambo, Marekani na Australia, walikuwa ni tawi la mti ambao shina lake halikung'oka.

Inafaa hapa kutoa tahadhari juu ya ushahidi wa fasihi. Jina hili linajulikana na Waingereza wengi kutokana na mchezo wa kuimba *Ruddigore* wa Gilbert na Sullivan, uliochezwa mara ya kwanza London mwaka 1887, ambamo mabwana wa ukoo wa Murgatroyd wamelaaniwa. Mchezo huo umewekwa Cornwall, ncha ya kusini-magharibi ya nchi. Mwandishi alilipenda jina kwa mlio wake, wala hakujali lilikotoka. Mtafiti ambaye angeichora ramani yake kwa kufuata vitabu vya fasihi angelipeleka jina hili upande mwingine kabisa wa Uingereza.

5. Ushahidi wa nasaba

Tangu mwaka 2000 uchunguzi wa majina ya koo umepata chombo kipya. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba hadi mwana, na jina la ukoo la Kiingereza hupita njia hiyohiyo. Kwa hiyo vitu viwili hivyo vyaweza kulinganishwa. Mwaka huo Bryan Sykes alichapisha uchunguzi wa jina lake mwenyewe, ambalo nalo ni la West Riding, akakuta kwamba karibu nusu ya wanaume waliopimwa walikuwa na kromosomu ya aina moja. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling walichunguza majina 40 kwa kuwapima wanaume 1,678. Walikuta kwamba wenye majina ya kawaida sana, kama Smith, hawakukaribiana kinasaba kuliko watu wowote waliookotwa ovyo, bali wenye majina adimu walielekea kuwa na babu mmoja. Miongoni mwa wanaume wa jina la Attenborough, ambalo pia ni jina la pahali, karibu tisa katika kila kumi walikuwa na kromosomu ya aina moja.

Matokeo hayo yangeweza kumshawishi mtu aseme kwamba jina adimu ni alama ya damu. Lakini uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2007 na baadhi ya wataalamu haohao, unazuia hitimisho la haraka. Mwanamume mmoja Mwingereza, asiyejua kwamba ana uhusiano wowote na Afrika, alikutwa na kromosomu ya kundi A1, ambalo hadi wakati huo lilikuwa limejulikana kwa watu wa Afrika Magharibi tu. Jina lake lilikuwa jina adimu la Yorkshire. Walipopimwa wanaume 18 wenye jina hilo, 7 walikuwa na kromosomu hiyo, na nasaba zao zilirudi Yorkshire katika karne ya 18. Haikujulikana kama Mwafrika aliyewazaa aliingia Uingereza katika zama za biashara ya watumwa au zama za Warumi. Jina lilikuwa la Kiingereza kwa kila kipimo cha isimu, na baba alikuwa Mwafrika.

Hitimisho

Jina la Murgatroyd linaweza kuthibitisha mambo matatu: kwamba palikuwa na konde, kwamba konde hilo lilihusishwa na Margaret, na kwamba waliolitaja walisema lahaja ya West Riding. Hayo yanatosha kulipa jina hadhi ya hati ya kihistoria. Haliwezi kuthibitisha asili ya watu wote waliolichukua, kwa kuwa jina hushika mstari mmoja wa nasaba na kuiacha mingine yote.

Onyo hilo linawahusu pia wachunguzi wa majina ya pwani yetu. Uchunguzi wa mifupa kutoka miji ya kale ya Waswahili, ikiwemo Manda na Mtwapa, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kwa wengi wa waliozikwa humo nasaba ya upande wa baba ilitoka Asia, hasa Uajemi, ilhali ile ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika. Nisba ya Shirazi ilisimulia mstari wa baba na kuunyamazia wa mama. Kwa hiyo mchunguzi wa jina lolote, liwe la Yorkshire au la Lamu, yampasa aanze na maandishi ya kale, afuate kanuni za lahaja, kisha achore ramani. Habari za damu zitafutwe mwishoni, na kwa ushahidi wake wenyewe.