Kolwezi: hatari ya mtoto si shimo peke yake

Familia nyingi zinaacha Kivu, Tanganyika ao Kasai na kwenda Kolwezi, muji mkuu wa Lualaba, kutafuta feza ya shaba na kobalti. Zinabeba magodoro, vyungu, na pia desturi ya kulea mtoto. Lakini desturi inayomlinda mtoto kijijini inaweza kumuumiza kwenye kariere.

Kijijini, mtoto wa miaka 8 anafuata mama shambani, anachota maji, anabeba mdogo wake. Hakuna anayeona ubaya. Jirani anamuangalia, kwani mtoto ni wa wote. Ndugu waliohamia Ulaya ao Marekani wanakuta mambo ingine: huko ukimuacha mtoto mdogo peke yake nyumbani, huduma za kulinda watoto zinaweza kukuita ujieleze.

Kolwezi nayo ina yake. Kusaidia mama kunageuka kuokota mawe, kuyaosha mtoni na kubeba mifuko. Jirani naye ni mgeni, amefika jana tu. Na Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi za hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 18.

Tena, vumbi halichagui. Kwenye kartie ya Kasulo, watu walianza kuchimba kobalti ndani ya parsele zao mwaka 2014. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakaaji. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa kartie ya karibu isiyochimbwa, na watoto ndio walizidi. Mtoto anayecheza tu chini na kupeleka mikono mdomoni, naye anaipata.

Basi familia inayofika ifanye nini? Kabla ya kukodi nyumba, uliza kama parsele ilichimbwa ao kuwekwa madini. Mifuko isilale ndani ya nyumba. Baba ao mama akitoka kariere, avue nguo za kazi inje na anawe mbele ya kubeba mtoto. Mwaga maji mbele ya kufagia.

Mama wengi wanaenda na watoto kariere kwa kukosa wa kuwaachia. Kwa hiyo tafuta shule mapema: masomo ya msingi kwenye shule za serikali ni bure tangu 2019. Na mdogo asiyefikia shule, mujue nani atabaki naye, hata mbele ya kupanda gari.