Homoni ya Msongo na Breki ya Kinga

Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, alipoueleza kwa utaratibu ugonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS, mwaka 1868, alitaja pia huzuni ya muda mrefu miongoni mwa mambo aliyoyaona yakiutangulia. Katika ugonjwa huo, askari wa kinga ya mwili hupenya hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo, wakashambulia mielini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva na kuharakisha ujumbe unaopita ndani yake, hata mgonjwa akapungukiwa na nguvu za miguu, akaona ukungu machoni au akafa ganzi. Uchambuzi wa tafiti 14 uliochapishwa mwaka 2004 ulithibitisha kwamba matukio mazito ya maisha huandamana na kuongezeka kwa mashambulizi hayo.

Hata hivyo, kuna fumbo, kwani msongo huohuo ungetarajiwa kuituliza kinga. Mtu anapopatwa na msongo, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, iitwayo hipothalamasi, huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia, zimwage kotisoli katika damu. Na kotisoli, ingawa watu wengi huichukulia kuwa sumu ya wasiwasi, ni homoni inayotuliza kinga na kupunguza uvimbe. Ndiyo maana madaktari humpa mgonjwa wa MS aliyeshambuliwa ghafla dawa za jamii hiyohiyo kwa kipimo kikubwa, ambazo hufupisha shambulio bila kubadili mwendo wa ugonjwa kwa miaka mingi.

Umuhimu wa homoni hiyo kama breki ya kinga ulidhihirika mwaka 1989 kwa panya waliosababishiwa ugonjwa unaofanana na MS. Panya hao kwa kawaida hupona wenyewe, lakini walioondolewa tezi za adrenali walikufa, ilhali waliorudishiwa homoni yao, kotikosteroni, kwa kiwango ambacho mwili wenyewe ungeitoa wakati wa ugonjwa, waliokoka.

Swali la kama breki hiyo hufanya kazi vivyo hivyo kwa binadamu lilifuatiliwa na mwanasayansi wa neva Inge Huitinga na wenzake jijini Amsterdam, kwa kutumia Benki ya Ubongo ya Uholanzi, ambako watu hujiandikisha wakiwa hai ili ubongo wao uchukuliwe saa chache tu baada ya kifo, kabla tishu hazijaharibika. Katika ubongo wa karibu wagonjwa wote wa MS waliochunguzwa, makovu na majeraha yalikutwa ndani ya hipothalamasi yenyewe. Na pale majeraha hayo yalipokuwa bado yanawaka, ugonjwa ulikuwa umekwenda vibaya zaidi. Maana ya jambo hili ni nzito, kwani ugonjwa unaohitaji breki unaweza kulijeruhi eneo lenyewe linaloiamuru breki ifanye kazi.

Mwaka 2013 kundi hilo lilichapisha matokeo ya kupima kotisoli katika majimaji yanayouzunguka ubongo wa marehemu hao. Wagonjwa waliokuwa nayo kwa wingi, hasa wanawake, ugonjwa wao ulikuwa umesonga polepole. Ni kweli kwamba ubongo wa marehemu hauonyeshi kipi kilitangulia kipi, lakini ushahidi huu, ukiwekwa kando ya ule wa panya, unamwondolea mgonjwa lawama nzito asiyostahili, kwamba amejiletea maradhi kwa udhaifu wa moyo wake.

Tiba ya kuukabili msongo bado ni changa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 121 waligawanywa makundi mawili, na waliofundishwa kwa wiki 24 namna ya kuukabili msongo walipata majeraha mapya machache zaidi ubongoni, kama picha za sumaku zilivyoonyesha. Mafunzo yalipokoma, katika wiki 24 zilizofuata, nafuu hiyo haikuonekana tena.