Kulala Katandala: Ada ya juu inalipa au inakula faida ya gunia?

KATANDALA, Sumbawanga – Msimu wa mahindi unapofunguka katika nyanda za juu za Ufipa, bei inayotajwa na kila mtu ni ya gunia. Iko bei nyingine ambayo hutajwa asubuhi tu, mteja anapokabidhi ufunguo: bei ya kulala. Kuanzia Juni hadi Septemba, wanunuzi, madalali, madereva na matingo humiminika Sumbawanga kufuata mahindi na maharage, na nyumba za kulala wageni hujaa. Zikishajaa, bei ya chumba hupanda, na juu ya chumba huja mengine: ada ya kuegesha lori uani, ya mlinzi, ya ndoo ya maji ya moto, na mtu wa pili chumbani naye hutozwa.

Malalamiko ni mengi, na mengine yana haki. Lakini mfanyabiashara anayelalamika bila kupiga hesabu ni sawa na anayenunua mzigo bila kuupima. Swali la kuuliza ni kama fedha hiyo inanunua kitu, na kitu hicho kina thamani gani kwa mtu mwenye mzigo wa aina yake na siku zake.

Tuanze na lori lililojaa. Mwaka 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulinunua mahindi mkoani Rukwa kwa bei iliyofika hadi shilingi 700 kwa kilo. Bei ya watu binafsi hupanda na kushuka, lakini hiyo yatosha kwa hesabu yetu. Gunia la kilo 100, lile halali na si lumbesa, ni shilingi 70,000. Semi-trela lenye tani 30 limebeba magunia 300, yaani shilingi milioni 21 zilizofunikwa kwa turubai na kufungwa kwa kamba.

Sasa tuchukue bei za mfano, na msomaji aweke za kwake. Nyumba ya kwanza haina uzio, chumba ni shilingi 15,000, na lori hulala barabarani. Nyumba ya pili ina ukuta, geti na mlinzi, chumba ni shilingi 30,000, na uwanja wa lori unatozwa 10,000 zaidi. Mwenye mzigo na dereva wake wanachukua chumba kila mmoja, utingo analala ndani ya kabini kama kawaida. Kwenye nyumba ya kwanza wanalipa 30,000, kwenye ya pili 70,000. Tofauti ni shilingi 40,000, ambazo ni mahindi kilo 57.

Kwa maneno mengine, gunia moja likishushwa usiku kwa upande ambao utingo hauoni, hasara yake inazidi ile tofauti yote. Na mwizi wa mazao hashushi gunia moja akaondoka. Kwa usiku mmoja, mwenye lori lililojaa anayekataa geti ili aokoe 40,000 anacheza kamari na milioni 21, na hatuoni kama ni ujanja.

Hata hivyo, hesabu hiyo imepimwa kwa thamani ya mzigo. Ipimwe kwa faida, sura inabadilika kabisa.

HESABU YA USIKU WA SITA

Mchukulie mfanyabiashara yule yule anayetarajia kubakiwa na shilingi 3,000 kwa kila gunia baada ya usafiri, makuli, ushuru na mifuko. Magunia 300 yatampa 900,000. Akikaa nyumba ya pili usiku mmoja, ametoa 70,000. Akikaa usiku sita akisubiri mzigo ukamilike au foleni ya kupakua isogee, ametoa 420,000, karibu nusu ya faida, kabla hajala wala kununua muda wa maongezi. Angekaa nyumba ya kwanza angelipa 180,000. Ile tofauti ya usiku sita, 240,000, ni zaidi ya magunia matatu. Mwenye nyumba hapo ameshalipwa bima ya magunia matatu ambayo hakuna aliyeyaiba.

Kwa hiyo kinachoua ni siku, na bei ya juu huzidisha tu maumivu. Makosa makubwa tunayoyaona msimu hadi msimu ni lori kuitwa kabla mzigo haujawa tayari. Lori linafika, magunia 120 yapo, mengine 180 bado yako vijijini kwa wakulima wanaoangalia kama bei itapanda kesho. Dereva analala, utingo analala, uwanja unatozwa, na mwenye lori naye baada ya siku za makubaliano anaanza kudai fedha ya kusubirishwa. Wakati wa zamani ungeweza kusema mtu hakuwa na namna ya kujua. Simu ya upepo ilikuwa ofisini na barabara ilikuwa ya matope. Leo dalali wa Laela au Matai yuko kwenye simu. Mahindi yakusanywe stoo ya kukodi yenye paa zima na chaga, na lori liitwe siku gunia la mwisho linaposhonwa. Mwenye mzigo anabaki na chumba kimoja cha kwake, na hapo hata cha 15,000 kinamtosha, kwa kuwa mali yake haiko nje.

Yuko pia mfanyabiashara mdogo, ambaye hesabu za malori humpita juu. Huyu anakuja na magunia kumi juu ya Fuso la watu wengi. Kwa faida ya mfano ile ile, safari nzima inampa shilingi 30,000. Usiku mmoja wa nyumba ya pili umeimaliza yote, na nauli ya kurudi itatoka kwenye mtaji. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilimpa nafuu: ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaachwa bila ushuru. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja kamili. Serikali ikamwachia asilimia zake, lakini gesti haina msamaha wa tani moja. Wengi wa kundi hili, hasa akina mama wa maharage, hulala kwa ndugu au huchangia chumba, na tunawaelewa. Ada ya mtu wa pili chumbani ndiyo inayowaumiza zaidi, kwa kuwa kitanda ni kile kile na shuka ni ile ile.

UPANDE WA MWENYE NYUMBA

Haki itendeke. Mwenye nyumba ya wageni Sumbawanga hana miezi kumi na miwili ya biashara. Mvua zikianza Novemba wanunuzi hupungua, na vyumba hukaa vitupu hadi Aprili na zaidi, huku mlinzi akitaka mshahara, umeme ukitaka kulipiwa na halmashauri ikitaka ushuru wa nyumba za wageni. Anajaribu kuvuna mwaka mzima kwa miezi minne, sawa na mkulima. Na baridi ya Ufipa si ya kusimuliwa. Mji uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mtu aliyetoka Dar es Salaam na shati la mikono mifupi huipata habari yake usiku wa kwanza. Maji ya moto yana kuni au umeme wake, na blanketi la pili lina bei. Ada ya ndoo ya maji ya moto, kwa maoni yetu, ndiyo ya haki kuliko zote: anayetaka analipa, asiyetaka anaoga baridi na kuapa hatarudia.

Lakini mwenye nyumba akumbuke kwamba mteja wake si mfungwa tena. Kabla ya lami, safari ya kilomita 223 kutoka Tunduma ilikuwa ni shughuli ya siku nzima au zaidi wakati wa masika, na aliyefika Sumbawanga usiku alilala popote palipokuwa na mlango. Barabara hiyo ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia mkataba wa Millennium Challenge uliotiwa saini mwaka 2008. Mnunuzi akimaliza kazi mchana anaweza kulala Tunduma au Mbeya. Na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, wako abiria wanaolala kwenye kiti. Lami imewapa wateja na imewapa pia njia ya kuondoka. Anayepandisha bei bila kuongeza ukuta wala maji anawafukuza polepole, na hawatamwambia.

Tabia ya kuvunja bei vipande vipande haikuanzia kwetu. Huko Marekani watu husafiri na magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, na kuna viwanja vya kuyaegesha usiku. Kampuni maarufu ya viwanja hivyo, Kampgrounds of America, ilianza mwaka 1962 mjini Billings, Montana, kwa dola 1.75 kwa usiku, na bafu la maji ya moto likiwemo. Siku hizi katika viwanja vingi vya nchi hiyo bei ya usiku ni mwanzo wa maongezi tu: umeme mkubwa una ada, kuchagua nafasi kuna ada, gari la pili lina ada, mbwa naye ana ada. Waliochoka hulala bure kwenye maegesho ya maduka makubwa pale meneja anaporuhusu, kama lori letu linavyolala kando ya barabara. Malalamiko kuhusu ada za kufichwa yalikuwa makubwa hadi Serikali ya huko ikaweka kanuni, iliyoanza kutumika Mei 12, 2025, kwamba wauzaji wa malazi ya muda mfupi na tiketi za maonyesho lazima waonyeshe bei kamili tangu mwanzo. Kanuni hiyo haikupunguza bei hata senti. Ilizuia tu mteja kushtukizwa.

Karibu nasi, watalii wachache wanaopita Sumbawanga kwenda Hifadhi ya Katavi wanaijua habari hii. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471, hutoza kiingilio peke yake, kupiga kambi peke yake na gari peke yake. Mgeni ana kiwango chake, mwananchi ana chake, na tangu Julai 2016 kuna kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Mtu anaweza kulipa fedha nyingi kulala kwenye hema lake mwenyewe, chini ya mti, viboko wakinguruma jirani. Lakini viwango vimebandikwa hadharani. Anayeingia anajua, na asiyetaka anageuza gari getini. Gesti nyingi za mjini hazina ubao wa namna hiyo. Bei ya chumba inatajwa mezani, ya uwanja inatajwa lori likishaingia na kuzima injini.

Na iko ada moja ambayo haiitwi ada. Nyumba nyingi zimeandika ukutani kwamba mwisho wa kutoka chumbani ni saa 4 asubuhi. Makuli nao huanza kupakia asubuhi, na semi-trela halijai kwa saa mbili. Dereva anayepakia hadi saa 8 mchana anakuta begi lake nje au deni la siku ya pili. Kwa bei za mfano wetu hiyo ni shilingi 30,000 kwa saa nne za kuhifadhi begi. Hapa mwenye mzigo ajadiliane jioni anapofika, maana jioni mwenye nyumba bado anamtaka. Saa 4 asubuhi hana haja naye tena.

Jambo lingine la kujadiliana kabla lori halijaingia getini ni lile tangazo lililozoeleka kwamba uongozi hautahusika na upotevu wa mali. Anayetoza ada ya ulinzi kisha akabandika tangazo hilo anauza kitu na kukikana kwa mkono ule ule. Omba stakabadhi iandikwe namba ya gari, idadi ya magunia na fedha iliyolipwa kwa ajili ya uwanja, na dereva na mlinzi wayahesabu pamoja kabla giza halijaingia na tena asubuhi turubai likifunuliwa. Omba na risiti ya mashine ya EFD kwa chumba, ili gharama hiyo iingie kwenye vitabu. Mwenye nyumba akikataa kuandika idadi ya magunia, basi kinacholipiwa uani kwake ni nafasi ya kuegesha peke yake, na bei yake ishuke hadi hapo. Afadhali 10,000 hiyo apewe utingo, alale juu ya mzigo na blanketi mbili.