Sugu ya Kidole na Kiatu Kilichoizaa

Marehemu mjomba wangu, aliyesomesha katika shule za Tanga kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa na ada yake kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri: hutoka barazani na beseni la maji ya moto, akavuta kigoda, akauloweka mguu wa kulia mpaka ngozi ikalainika, kisha akatoa nusu ya wembe mfukoni na kuanza kukichonga kidole chake cha mwisho kama fundi anayechonga mwiko. Vipande vyeupe vya ngozi vilidondoka juu ya gazeti kuukuu, naye akituambia kwa furaha kwamba leo sugu ameing'oa pamoja na mzizi wake. Ijumaa iliyofuata tulimkuta pale pale, na wembe ule ule.

Sugu haina mzizi, na itikadi hii ya mzizi ndiyo iliyowatia watu wengi katika madhara. Ngozi ya binadamu imejaaliwa tabia ya kujikinga, hata mahali panapobanwa au kusuguliwa mara kwa mara hujiongezea tabaka juu ya tabaka za ngozi iliyokufa, mfano wa mtu anayejitilia kiraka. Mkulima huipata kiganjani kwa mpini wa jembe, na mwenye kudumu katika sijida huonekana alama yake katika paji la uso. Hizo aghalabu hazina adha, kwa kuwa zimetandaa. Ile ya kidole cha mguu ni balaa nyingine, maana hubanwa mahali padogo baina ya mfupa na kiatu, ngozi ngumu ikajikusanya kwa umbo la pia, ncha ikielekea ndani, ikawa kila hatua inadunga neva zilizo chini yake. Mwenye nayo huhisi kwamba kokoto imemwingia kiatuni. Huvua, akakung'uta, asione kitu.

Iko pia sugu laini, ikaayo baina ya kidole cha nne na cha mwisho, ambayo kwa sababu ya jasho huwa nyeupe na kulowana, hata watu wakadhani ni fangasi na kuipaka dawa isiyo yake miezi mizima. Wala isichanganywe na chunjua ya wayo, ambayo huletwa na virusi: hiyo aghalabu ina vidoadoa vyeusi ndani yake, na huuma zaidi ikiminywa kwa ubavuni, hali sugu huuma ikibonyezwa kutoka juu.

Kwa mtu mwenye afya njema, tiba ya sugu ni subira kuliko dawa. Auloweke mguu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 10 hivi, aisugue sugu taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, aondoe safu nyembamba tu, na nyingine aiache kwa kesho. Kisha aukaushe mguu vizuri, khasa baina ya vidole, na apake mafuta ya nazi pale palipokauka. Penye sugu laini na aweke kipande cha pamba safi ili vidole visisuguane. Plasta za asidi ya salisili zauzwa madukani, nazo hulainisha ngozi ngumu kweli. Lakini asidi haijui ngozi iliyokufa na iliyo hai, basi ikitambaa pembeni huchoma na kuacha kidonda.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ilipo hatari, khasa kwa mwenye kisukari. Sukari ya damu ikikaa juu kwa miaka hudhoofisha neva za miguu na mishipa ya damu, mtu akaweza kukanyaga msumari asijue, na chini ya sugu yake kidonda kikajichimbia kimya kimya bila maumivu ya kumwonya. Mwenye kisukari asiiguse sugu kwa wembe, wala asiibandike plasta ya asidi. Aipeleke kwa tabibu, na miguu yake aikague kila siku, nyayo na baina ya vidole, au amwombe mtoto wa nyumbani amtazamie. Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi ya kazi yake kuwafundisha madaktari na wauguzi jambo hilihili, kwamba mguu wa mwenye kisukari huokolewa mapema, kabla kidonda hakijazama.

Mjomba hakujua kwamba ana kisukari mpaka siku wembe ulipokata kwa kina. Jeraha dogo, mfano wa punje ya mchele, lilikaa miezi minne ndipo likafunga, na kidole kikasalimika kwa rehema ya Mungu na kwa jitihada ya muuguzi mmoja ambaye, alipokwisha kulifunga, aliuliza swali ambalo sisi sote hatukupata kuuliza: kiatu chako kiko wapi?

Kilikuwa kiatu cheusi chenye ncha, kilichong'arishwa kila asubuhi, fahari ya mwalimu. Tulikipeleka kwa fundi viatu wa Ngamiani. Alitandika karatasi ya kaki sakafuni, akamsimamisha mjomba juu yake pekupeku, akazungusha kalamu ya risasi pembezoni mwa mguu, kisha akakiweka kiatu juu ya mchoro ule. Kidole cha mwisho chote kilibaki nje ya kiatu.

"Mwalimu," akasema fundi, "miaka yote hii umevaa kiatu cha mtu mwingine."

Akamshonea kipana cha kufunga kwa kamba, chenye bitana laini ndani, na kumwusia kwamba kiatu hununuliwa jioni miguu ikiwa imekwisha kuvimba, kikajaribiwa kwa kusimama, na kidole kirefu kikaachiwa mbele nafasi ya upana wa kidole gumba. Hapakuongezwa dawa yoyote. Baada ya miezi kadhaa mjomba alitoka barazani na beseni lake kwa mazoea, akauloweka mguu, akakipapasa kidole upande huu na huu, akitafuta sugu asiipate.