Blanketi la Jani kwa Watoto wa Wachumaji

Wanaochuma chai huku kwetu Toro, magharibi ya Uganda, wanaijua baridi ya alfajiri. Mashamba yetu yako kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukungu wa Ruwenzori hauna haraka ya kuondoka. Mama mchumaji hutoka kambini kabla ya saa kumi na mbili, mtoto mgongoni. Humwacha katika chumba cha kulelea watoto, kisha hukimbilia mstari wake kabla mnyapara hajaita majina. Chumba chenyewe kina sakafu ya saruji na mikeka. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu kingine.

Sisi wa kamati ya tawi tulimwandikia mwajiri mara tatu kuomba mablanketi. Tulijibiwa kwamba fungu hilo halimo katika bajeti. Baada ya jibu la tatu mama mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Barua haimfuniki mtoto." Jumapili iliyofuata tukaanza kushona.

Hatukuwa mafundi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wanaume watatu miongoni mwetu, na wengi wetu tulijua kutia kiraka tu. Basi tunawaandikia ndugu wa mashamba mengine na wa viwandani ambao nao hawajui, ili wasirudie makosa yetu.

Mtu atauliza, kwa nini jani, wakati blanketi la mraba ni rahisi zaidi? Sababu ya kwanza ni vitambaa. Tulikusanya mabaki kwa mafundi cherehani wa sokoni, vipande vya vitenge na mashuka ya mitumba, na hakuna kipande kilicholingana na mwenzake. Katika jani kila upande wa mshipa wa kati unaweza kuwa na rangi yake, na macho hayaoni kasoro. Sababu ya pili tuseme kweli, hata kama inatuaibisha: vitu vya chumba kile vilikuwa na miguu. Blanketi la mraba likianikwa nyumbani kwa mtu, nani atajua limetoka wapi? Jani likianikwa, kambi nzima inajua.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchagua jani la magimbi kwa sababu ni pana. Jani hilo lina kona inayoingia ndani pale kikonyo kinapoanzia, na kona ya kuingia ndani ni adui wa mtu anayejifunza. Tulipoligeuza, kitambaa kilijikunja pale kama uso wa mzee aliyeonja ndimu. Ndugu mmoja alipendekeza jani la muhogo, lenye vidole vyake vyote. Hatukumsikiliza, tunashukuru. Tulirudi kwenye jani tunalolishika kila siku, jani la chai. Lina tumbo jembamba na ncha moja tu. Meno madogo ya ukingoni tuliyaacha, hayashoneki.

Kielelezo tulikikata katika karatasi ya mifuko ya saruji. Ikunje karatasi katikati kwa urefu, chora nusu ya jani kuanzia kwenye mkunjo, kata, kisha ifungue. Pande zote mbili zitalingana bila kipimo kingine. La kwetu lina urefu wa sentimita 100 na upana wa 70 katikati. Kabla ya kukata nguo, zifue zote. Pamba mpya hurudi ikifuliwa, na kitenge kingine huchuja rangi. Ukifua baada ya kushona, tabaka moja litarudi na jingine litabaki, nalo blanketi litakunjamana.

Ndugu zetu wa viwanda vya nguo hawahitaji kuambiwa kutofautisha pamba na nailoni au poliesta, lakini sisi wa mashamba tulihitaji. Chomoa uzi mmoja uuchome. Wa pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa poliesta na wa nailoni huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Nguo inayoyeyuka tuliiweka kando, maana watoto hukaa karibu na jiko, na nguo ya namna hiyo ikishika moto hugandamana na ngozi.

Katikati ya nguo mbili tulitia blanketi kuukuu la mitumba. Tulijaribu pia pamba mbichi, ikatushinda: ilipofuliwa ilijikusanya pembeni kama kondoo walioona fisi. Pamba mbichi inataka mishono ya karibu karibu, na hiyo ni kazi ya mkono uliozoea. Watu wa pwani wana jina la kazi hii ya kushona tabaka na tabaka, huita mfarishi, na huitumia hata kulalia.

Upangaji wake uliwachanganya wengi, basi tuuseme polepole. Chini kabisa laza blanketi kuukuu. Juu yake laza nguo ya kwanza, uso wake ukitazama juu. Juu yake tena laza nguo ya pili, uso ukitazama chini, ili nyuso mbili nzuri zibusiane. Piga bandi kwa uzi mrefu ili tabaka zisitembee. Shona kuzunguka jani lote, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, ila acha nafasi ya shibiri moja upande ulionyooka zaidi. Kisha chukua mkasi ukate vijipande vidogo kwenye mzunguko, kila baada ya vidole viwili, bila kuugusa mshono. Tulipoacha hatua hii kwa uvivu, ukingo ulivimba. Punguza nguo ya ziada kwenye ncha, ingiza mkono katika ile nafasi, uligeuze jani lote, uisukume ncha kwa kijiti butu. Nafasi iliyobaki ifunge kwa mkono.

Sasa mishipa. Ichore kwa kipande cha sabuni kikavu, kama wafanyavyo mafundi. Anza na mshipa wa kati, toka kikonyoni hadi nchani. Ndipo ushone mishipa ya pembeni, kila mmoja ukianzia kati na kwenda nje, ukiacha upana wa kiganja kati ya mshipa na mshipa. Usianzie nje kurudi kati. Mshono husukuma nguo mbele yake, na ukiusukumia kati hautapata pa kutokea. Tunalo blanketi moja lenye nundu mgongoni ambalo ni ushahidi. Watoto wanaligombania kuliko yote.

Usitie vifungo wala kamba ya kikonyo, mtoto ataviweka mdomoni au shingoni. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, litandike chini yake, ulivute likaze, usimfunike nalo akilala, lisije likampanda usoni.

Blanketi la kwanza lilituchukua Jumapili tatu. La kumi, mtu mmoja alilimaliza kwa saa tisa. Tulipofikisha mablanketi kumi na manne, bwana meneja alikuja na mgeni, wakapiga picha, wakasifu sana. Mwezi uliofuata tukakaa naye kwenye mazungumzo. Tulipofika kwenye kipengele cha chumba cha watoto alifunga daftari lake akasema, "Hilo mmeshalimaliza wenyewe."

Hapo tuligawanyika, hatuwafichi. Wenzetu kadhaa walisema tuache kushona siku hiyo hiyo, maana kila mshono wetu ulikuwa unamwondolea mwajiri mzigo wake. Akina mama wenye watoto wachanga walijibu kwamba mazungumzo yana tarehe lakini baridi haina. Kila upande ulikuwa na haki. Usiku huo tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta.

Tulichokubaliana ni hesabu. Mwekahazina aliandika kila blanketi katika daftari: uzi kiasi gani, sindano ngapi zilivunjika, nauli ya sokoni, na saa za kila mshonaji. Saa hizo tulizipigia kwa malipo ya siku ya mchumaji. Katika kikao kilichofuata tuliliweka daftari mezani kama deni, pamoja na blanketi la nundu. Tukamkumbusha pia kwamba jambo tunaloomba si la ajabu. Nchini India, sheria ya mashamba makubwa iliyopitishwa mwaka 1951 ilimtaka mwajiri mwenye wanawake 50 au zaidi aweke chumba cha kulelea watoto wao. Chai yao na yetu huuzwa katika soko moja la dunia.

Deni hakulilipa. Lakini alikubali kununua magodoro ya sponji na kuinua sakafu kwa mbao, na hayo yameandikwa katika mapatano na kutiwa sahihi. Magodoro yamefika. Mbao bado, na katibu wa tawi huuliza kila Jumatatu. Mablanketi tumekataa kuyaondoa katika orodha ya madai, na daftari linaendelea kuandikwa. Jumapili hii tutakata la ishirini na mbili. Ndugu wa shamba jirani wameazima kielelezo chetu cha karatasi, nasi tumewapa pamoja na ukurasa wa kwanza wa daftari, wajue namna ya kupiga mistari.