Buji na chandarua haviendi pamoja

Hapa Ryansoro ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeshaingia, na mtoto bado ana daftari mbele yake. Basi buji inawashwa. Sawa, lakini tunaiweka wapi? Wengi wanaigandisha juu ya sanduku, karibu na kitanda. Hapo ndipo hatari. Chandarua kikishika moto kinayeyuka na kugandia ngozi, na shitingi ya ukutani inadondosha matone ya moto.

Chukua mkebe wa nyanya, tia mchanga, simamisha buji katikati, uiweke mbali na nguo na nyasi. Mama akitoka, izimwe, hata watoto wakinung'unika. Na baba asilale ikiwaka!

Tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliungua alfajiri, wakafa watu 38. Walitaja umeme, sio buji, ila moto unaowakuta watu wamelala ni ule ule.

Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Chandarua kikigandia ngozi msikibandue, mpelekeni hivyo hivyo kituo cha afya.